Maabara ya umeme niliyoibeba kwenye flashi: wiki nane na PhET huko Rungwe

Siku ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha niliandika kwenye daftari langu: Kidato cha Pili, wanafunzi 61, fizikia, mada ya umeme. Chini yake nikaorodhesha vilivyomo kwenye kabati la maabara. Amita mbili za kupimia mkondo wa umeme, moja mshale wake haurudi kwenye sifuri. Nyaya chache zilizooza ncha. Vishikio vya glopu vinne, glopu hakuna. Upande wa pili wa chumba hichohicho yalipangwa magunia ya mahindi ya chakula cha wanafunzi, kwa hiyo meza za kufanyia majaribio zilibaki mbili tu.

Ni shule ya kata. Ukishuka kwenye barabara kuu ya Mbeya kwenda Kyela unapanda kwa mguu katikati ya migomba mpaka uone bati. Jina naliacha, maana hali yake ni ya shule nyingi na walimu wake walinipokea vizuri mno.

Nilichokuwa nacho mimi ni kompyuta mpakato ya mtumba na flashi yenye faili moja: Circuit Construction Kit: DC, ya kuunda mizunguko ya umeme, mojawapo ya programu za PhET za kufanyia majaribio ya sayansi kwenye skrini. Nimeitumia wiki nane. Nimeona inavyofanya kazi, na nimeona inavyoweza kupita mbele ya darasa zima bila kugusa kichwa cha mtu. Naandika hasa kwa walimu tarajali wenzangu mnaojiandaa kwenda mazoezini, hasa mtakaopangiwa shule za milimani huku kwetu kuanzia Mbeya mpaka Njombe na Iringa, kwa sababu swali la kama programu ni nzuri lina jibu fupi. Ni nzuri. Swali refu ni kama sisi tuko tayari nayo.

PhET inatoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Aliyeanzisha mradi huo mwaka 2002 ni Carl Wieman, mwaka mmoja tu baada ya kushiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia ya 2001. Mtu aliyefika juu kiasi hicho katika utafiti akaamua kuhangaika na namna vijana wanavyoelewa mambo ya msingi. Hilo pekee lilinipa moyo. Programu zote ni bure. Unaifungua kwenye tovuti yao, unaipakua ikiwa faili moja dogo la megabaiti chache, na baada ya hapo huhitaji intaneti tena. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niichague. Pale shuleni mtandao unapatikana ukisimama karibu na mlingoti wa bendera, na mvua ikinyesha haupatikani hata hapo.

Ukilifungua faili hilo unakuta ukurasa mtupu, na pembeni betri, waya, taa, kikinzani (kifaa kinachobana mkondo) na swichi. Unavuta kwa kidole au kwa kipanya, unaunganisha ncha kwa ncha. Mzunguko ukikamilika taa inawaka, na ndani ya waya unaona nukta za buluu zikitembea: hizo ni elektroni, chembe ndogo zinazobeba umeme. Kuna voltmita na amita. Kuna vitu vya kawaida pia, penseli, sarafu, kifutio, ili mtoto ajaribu mwenyewe kipi kinapitisha umeme. Ukiunganisha waya moja kwa moja kutoka upande mmoja wa betri hadi mwingine bila taa wala kikinzani, betri inawaka moto pale kwenye skrini. Betri ya mwanzo ina volti 9 na taa ina ukinzani wa omu 10. Kumbukeni namba hizo, zitarudi.

Tahadhari moja kwa wanaokusanya mafaili kutoka kwa kaka na dada waliotutangulia: mengi ya zamani yalitengenezwa kwa Flash, teknolojia ya Adobe (si flashi ya kuhifadhia), ambayo iliachwa rasmi mwishoni mwa 2020, na hayafunguki kwenye vivinjari vya sasa. Pakua mapya. Na likitumwa kwa simu, usilibonyeze likiwa bado ndani ya WhatsApp. Lihifadhi kwanza kwenye kifaa, kisha lifungue kwa kivinjari.

Sasa kuhusu utayari.

Kabla ya kutoka chuoni tulijaza fomu ya kupima utayari wetu wa kutumia teknolojia darasani. Sentensi 15, kila moja unazungushia namba kuanzia 1 hadi 5. Ninaweza kuandaa slaidi. Ninaweza kuunganisha kompyuta na projekta. Ninaweza kupata zana za kufundishia mtandaoni. Nilizungushia 5 karibu kila mahali, na sikudanganya. Mihula miwili ya somo la TEHAMA tulifundishwa Word, Excel na PowerPoint, tukafanyiwa mtihani, nikafaulu. Mhadhiri wa mbinu za kufundishia alituchorea ubaoni duara tatu zinazopishana: ujuzi wa somo, ujuzi wa kufundisha, ujuzi wa teknolojia. Ni mchoro wa Punya Mishra na Matthew Koehler wa Michigan State University, waliouchapisha mwaka 2006 wakijenga juu ya kazi ya Lee Shulman ya mwaka 1986. Shulman alikuwa ameonyesha kwamba kujua somo ni jambo moja, kujua namna ya kulifanya lieleweke kwa mtoto ni jambo jingine, na mwalimu anaishi pale yanapokutana. Niliukariri mchoro ule wote na mishale yake. Lakini katika mihula yote sita hakuna aliyenisimamisha mbele ya wenzangu akaniambia: haya, chukua programu hii, fundisha dakika 40, sisi tutajifanya watoto wa Kidato cha Pili wanaoamini mambo yasiyo sahihi. Hilo halikutokea hata mara moja.

Wiki ya pili nilikodi projekta. Nilishuka Mbeya mjini Jumamosi, nikaenda Mwanjelwa kwenye duka la vifaa vya ofisi linalokodisha projekta kwa ajili ya harusi na semina, nikaacha kitambulisho na shilingi 25,000 za siku moja, nikabembeleza wanihesabie kuanzia Jumapili jioni. Nikapanda Noah ya Tukuyu nikiwa nimeipakata kama mtoto mchanga. Kila tulipopita kwenye tuta nilikuwa nainyanyua juu kidogo isipigwe na kiti.

Jumatatu asubuhi nikatundika shuka jeupe ubaoni. Madirisha hayana mapazia, na kwa bahati mbaya siku hiyo jua la Rungwe, ambalo huwa adimu, lilitoka. Picha ikawa hafifu. Vijana wakavua masweta ya shule wakayaning'iniza madirishani, tukapata giza la kutosha. Nikaunganisha mzunguko, taa ikawaka, darasa likashangilia. Nikaunganisha waya vibaya makusudi, betri ikawaka moto, nusu ya darasa wakasimama. Nikaeleza mkondo wa umeme, nikaeleza volteji, nikaweka taa mbili kwa mfululizo, moja ikifuata nyingine kwenye njia moja, nikaonyesha namba. Mvua ilianza dakika ya 30. Anayefundisha huku anajua: ikipiga bati huwezi kumsikia hata aliye dawati la mbele, unasimama tu unangoja. Kabla haijakatika, umeme ukakatika. Kipindi kikaishia hapo, lakini nilitoka nikiwa na furaha. Nilijiona mwalimu.

Kesho yake nikawapa swali moja kwenye karatasi. Betri moja, taa mbili zinazofanana zimeunganishwa kwa mfululizo, A kisha B. Je, mkondo unaopita kwenye B ni mkubwa kuliko, mdogo kuliko, au sawa na unaopita kwenye A? Eleza.

Karatasi 61 nilizisahihisha kwa mwanga wa tochi ya simu. Wanafunzi 44 waliandika mdogo. Wengi wakaeleza vizuri kabisa, kwa Kiingereza cha kujitahidi, kwamba taa ya kwanza imeshatumia sehemu ya umeme, kwa hiyo ya pili inapata kilichobaki. Namba zilikuwa zimeonekana pale kwenye shuka, sawa kwa sawa, kabla na baada ya taa. Waliziona. Hazikuingia.

Nilimpelekea karatasi zile mwalimu wa fizikia wa pale, aliyekuwa msimamizi wangu. Ni mzee wa miaka hamsini na kitu, amefundisha wilayani humo maisha yake yote ya kazi. Alizipitia taratibu, akaniambia, "Mwanangu, jana hawa watoto walikuangalia wewe ukifanya fizikia. Wao hawajafanya. Halafu hukuwauliza wanaamini nini kabla ya kuwaonyesha."

Nikamwambia, "Lakini Mwalimu, namba walizisoma."

"Namba wanaisoma. Wanachokiamini kimetoka nyumbani. Waulize."

Nikawauliza. Kipindi kilichofuata sikuwasha chochote. Nikaandika jibu lao ubaoni, mkondo unapungua baada ya kila taa, nikawaambia waniambie kwa Kiswahili kwa nini wanaona hivyo. Binti mmoja wa dawati la tatu, mpole, ambaye tangu nifike sikuwahi kusikia sauti yake, akasimama.

"Madam, nyumbani tukiweka LUKU ya elfu tano, taa zikiwaka uniti zinapungua. Zikiisha, giza. Sasa kama taa haili umeme, uniti zinaenda wapi?"

Nilisimama na chaki mkononi. Darasa zima lilikuwa linamuunga mkono kwa vichwa. Na jambo lililoniumiza ni kwamba sikuwa na jibu la kumpa papo hapo ambalo lingemheshimu. Nilijua mkondo ni uleule katika mzunguko wa mfululizo, nilijua uniti moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, ni kilowati-saa moja, ambayo ni kipimo cha nishati. Sikuwahi kuviweka vitu hivyo viwili pamoja kichwani mwangu. Nimesoma fizikia tangu Kidato cha Kwanza na hakuna aliyeniuliza swali hilo, wala mimi sikujiuliza. Nikamwambia ukweli: swali lako ni zuri kuliko kipindi changu, nipe mpaka Alhamisi.

Zile duara tatu za chuoni nilizielewa usiku ule, mezani kwa mama niliyepanga kwake, nikiwa nimefungua ile programu na mbele yangu lile swali la LUKU. Programu ilikuwa inaonyesha nukta zikiingia kwenye taa na kutoka zikiwa kwa wingi uleule. Huo ndio ujuzi wa teknolojia, na nilikuwa nao. Lakini bila kujua kwamba mtoto amekuja na LUKU kichwani, hizo nukta ni mapambo. Anayeamini umeme unaliwa ataziangalia zikitoka upande wa pili na asishangae, kwa sababu hakuna aliyemuuliza kabla kama zitapungua.

Mwalimu ndiye aliyenipa mfano wa kuanzia, tukiwa tunanywa chai ofisini. Alhamisi nikauleta darasani.

"Fuso kumi zinatoka Tukuyu zimejaa ndizi," nikasema. "Zinafika Uyole, zinashusha mzigo. Zinazorudi Tukuyu ni ngapi?"

"Kumi, Madam."

"Zimepungua?"

"Hapana."

"Kilichobaki Uyole ni nini?"

"Ndizi."

"Sasa niambieni. LUKU inahesabu Fuso, au inahesabu ndizi?"

Kimya kwanza. Halafu yule binti, bila hata kunyoosha mkono: "Ndizi! Inahesabu ndizi!" Fuso ndizo mkondo, hazipungui; ndizi ndizo nishati inayobaki kwenye taa.

Ndipo tukaanza kazi na programu, safari hii kwa namna nyingine kabisa. Projekta sikuikodi tena. Shule ina vishikwambi, vile vilivyotumika kwenye sensa ya mwaka 2022 kisha vikagawiwa kwa walimu. Niliomba ruhusa kwa mkuu wa shule, walimu sita wakaniazima vyao, na wote walinipa kwa moyo mmoja. Jioni nikavichaji vyote, nikahamisha faili kwa Bluetooth kutoka kwenye kompyuta yangu, nikafungua moja baada ya jingine kuhakikisha. Darasa tukaligawa: wanafunzi 30 wanakuja maabara kukaa katikati ya magunia ya mahindi, watano watano kwa kishikwambi, wengine 31 wanabaki na Mwalimu wakifanya maswali. Kipindi cha pili tunabadilishana, na kikundi kimoja kinakuwa cha watu sita.

Masharti niliyoweka yalikuwa mawili. Kabla ya kugusa skrini, kila mmoja anaandika kwenye daftari lake anachotarajia, na sababu. Na hakuna anayeshika kishikwambi peke yake muda wote: kila mzunguko mpya, mtu mpya.

Nilikaa na kikundi cha yule binti. Alikuwa ameandika utabiri wake wa taa mbili: kabla ya taa ya kwanza ampia 0.90 (volti 9 kwa omu 10), katikati 0.45, mwishoni sifuri. Aliamini ndizi, lakini namba zake bado ziliamini LUKU. Elimu haibadiliki kwa siku moja, hilo nalo nilijifunza pale. Wakaunganisha. Taa zikawaka hafifu. Akashika amita kwa kidole, akaiburuta mpaka kwenye waya wa kwanza. 0.45. Akakunja uso. Akaiburuta katikati ya taa mbili. 0.45. Akairudisha mwanzo, kama mtu anayehakiki chenji. Akaipeleka mwisho kabisa, karibu na betri. 0.45. Akaondoa taa moja, akaunganisha tena. Kabla ya taa 0.90, baada ya taa 0.90. Wenzake wakataka kupokezana, akawaambia ngojeni kwanza, akarudia mara ya tatu. Kisha akachukua kalamu, akakata utabiri wake kwa mstari mmoja ulionyooka, na chini yake akaandika kwa Kiswahili: taa ya pili haipewi mabaki, zote mbili zinaubana mkondo toka mwanzo.

Sijawahi kusoma ukinzani ukielezwa hivyo kwenye kitabu chochote, na ni sahihi. Omu 10 na omu 10 ni 20, volti 9 kwa omu 20 ni ampia 0.45, mzunguko mzima. Niliiandika sentensi yake kwenye andalio langu la somo na bado ipo.

Huo mfano wa Fuso una mahali unapokwama, na ni programu iliyonisaidia kupaonyesha. Kijana mmoja aliuliza: kama umeme ni kama magari, mbona ukiwasha swichi taa haingoji magari yafike? Tukafungua swichi, nukta zikasimama zote. Tukaifunga, zikaondoka zote kwa pamoja, za karibu na betri na za karibu na taa. Nikamwambia atazame mnyororo wa baiskeli: ukikanyaga pedali, gurudumu la nyuma halingoji. Elektroni zenyewe kwenye waya husogea polepole mno, ila zote huanza safari pamoja. Kwa chaki na ubao nisingeweza kulionyesha hilo. Kwa waya halisi pia nisingeweza, kwa sababu elektroni hazionekani.

Ila msiache waya halisi. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimewasikia wenzangu wakisema kwamba ukiwa na programu maabara si lazima. Ni kweli kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na Noah Finkelstein na wenzake, hapohapo Colorado, ulioonyesha kwamba wanafunzi waliojifunza mizunguko ya umeme kwa programu hii walifanya vizuri kuliko waliotumia vifaa halisi, hata walipotakiwa baadaye kuunganisha vifaa halisi. Naamini, na nimeona mfano wake kwa macho yangu. Lakini kwenye skrini ncha ya waya haiozi na betri haina kutu. Wiki ya sita nilinunua betri za tochi za volti 1.5 na glopu ndogo kwenye gulio la Tukuyu, Mwalimu akaleta tochi mbovu tatu tukazibomoa kwa ajili ya nyaya na vishikio. Kikundi cha kwanza walipounganisha, glopu haikuwaka. Wakaniangalia. Nikanyamaza, na kunyamaza ndio ujuzi ulionigharimu zaidi kuupata. Mmoja akasema, mzunguko haujakamilika mahali. Wakaanza kufuata njia kwa kidole, kipande kwa kipande, kama walivyofanya na nukta za buluu, mpaka wakafika kwenye kishikio chenye kutu. Wakakikwangua kwa ukingo wa rula. Glopu ikawaka, ya rangi ya chungwa, ndogo kama punje ya mahindi. Kelele zao zilizidi zile za siku ya betri kuwaka moto kwenye shuka.

Niliporudia lile swali la taa A na B mwishoni mwa mada, waliosema mkondo wa B ni mdogo walikuwa 9. Tisa wale nilikaa nao jioni mbili.

Siku ambayo mkaguzi kutoka chuoni alikuja kunitathmini ndiyo siku ya betri na glopu. Alikaa nyuma, akaangalia dakika 40, akanipa alama nzuri kwa ushirikishaji wa wanafunzi. Kwenye fomu yake kulikuwa na mstari mmoja wa matumizi ya TEHAMA, ndiyo au hapana. Akaweka hapana, kwa sababu siku ile hakukuwa na kifaa kinachowaka. Nilijaribu kumweleza kwamba walichokuwa wanafanya watoto, kufuata njia kwa kidole, walikitoa kwenye vishikwambi. Alinisikiliza, lakini fomu haina nafasi ya kuandika hivyo. Naye alikuwa na wanafunzi wengine wa kuwaona Kiwira mchana uleule. Simlaumu yeye. Ila nasema wazi kwamba fomu ya namna hiyo ingenipa ndiyo siku ya projekta, siku ambayo wanafunzi 44 kati ya 61 walitoka kama walivyoingia.

Kwa mnaokwenda awamu ijayo. Pakueni mafaili mkiwa bado mna intaneti ya chuo, ya mada zote mtakazofundisha, na kila moja mlicheze wenyewe angalau saa moja, mkijaribu kulikosea. Hilo la mizunguko ya umeme ndilo ninaloweza kulithibitisha kwa nguvu zote. Kishikwambi kimoja kwa watano kinafaa, kwa kumi wa nyuma hawaoni namba za amita. Projekta ni ya kuonyesha jambo moja kwa dakika tano, kisha izime. Lugha ya maandishi kwenye programu niliiacha Kiingereza kwa kuwa ndicho kitakachokuwa kwenye mtihani, lakini utabiri niliwaruhusu waandike kwa lugha wanayofikiria, na wawili watatu walikuwa wananong'onezana Kinyakyusa kabla ya kuandika. Sikuwazuia. Na kabla ya yote, tafuteni ile LUKU ya darasa lenu. Kila mada inayo. Mwulizeni mwalimu mwenyeji, kwa sababu ameisikia miaka yote, na chuoni hamtapewa.

Wahadhiri wetu nao ningewaomba kitu kimoja: mtupe dakika 40 mbele ya wenzetu, na mtuulize maswali ya watoto.

Flashi nimemwachia Mwalimu. Aliniomba nimwandikie kwenye karatasi namna ya kulifungua faili, hatua kwa hatua, akaibandika ndani ya mlango wa kabati la maabara, juu ya zile amita mbili. Vishikwambi vyote sita vimebaki na faili ndani. Ijumaa ya mwisho, nikiwa nafunga begi, yule binti alikuja mlangoni mwa ofisi, akasalimia walimu wote shikamoo mmoja mmoja, kisha akanigeukia: "Madam, nukta zinasukumwa na betri. Sasa ndani ya betri, anayesukuma ni nani?"

Nikamwambia alete betri kuukuu. Tulikwenda nyuma ya maabara, tukalipasua kwa jiwe juu ya gazeti, nikamwonyesha ile fimbo nyeusi ya kaboni katikati na kopo la zinki linaloizunguka, lililokuwa limeliwa mpaka limetoboka. Alilishika lile kopo, akapitisha kidole kwenye tundu. "Kumbe kinacholiwa ni hiki," akasema.